Mkono ukiuma, pima lenzi kabla ya kamera

Nimehama mfumo mzima wa kamera kwa sababu ya maumivu ya kifundo cha mkono, na kila nikiwaambia wapiga picha wenzangu jibu la kwanza ni lile lile, "si ungenunua tu hizi za kisasa zisizo na kioo, mbona nyepesi". Hapo ndo tunapokosana. Kutoa kioo, kile cha ndani ya kamera za zamani kinachorusha picha jichoni, hakukupunguzii mzigo kama mnavyodhani, mzigo uko kwenye lenzi, na lenzi inafuata ukubwa wa sensa, kile kibamba cha ndani kinachopokea picha, na ukubwa wa tundu la kuingizia mwanga unaloling'ang'ania, basi. Mengine yote ni matangazo ya biashara.

Kwanza maumivu yenyewe, mana watu wanachanganya. Yangu yalianza upande wa kidole gumba, pale juu kidogo ya kifundo, nilikuwa nayasikia nikigeuza kamera wima kupiga potreti, baadaye hata kuzungusha ufunguo mlangoni ikawa shughuli. Daktari akaniambia nifiche kidole gumba ndani ya ngumi halafu niinamishe mkono kuelekea kidole cha mwisho, aisee, nilitoa sauti ambayo hata sikuipanga. Inaitwa de Quervain, kwa jina la daktari mpasuaji wa Uswisi aliyeieleza mwaka 1895. Kuna kano mbili zinazoendesha kidole gumba na zinapita kwenye njia nyembamba hapo kifundoni, ule utando unaozizunguka ukivimba zinaanza kukwaruzana kila ukishika kitu kwa nguvu na kukizungusha. Wazazi wenye watoto wachanga wanaipata sana kwa jinsi wanavyomnyanyua mtoto, gumba limetanuka na kifundo kimekunjwa, na ukifikiria vizuri ni mkao ule ule wa kunyanyua kamera yenye lenzi ndefu.

Sasa kama yako ni ganzi ya gumba, kidole cha shahada na cha kati, inayokuamsha usiku unakung'uta mkono, huenda ni habari nyingine kabisa, neva inayopita katikati ya kifundo imebanwa. Dawa zake na tahadhari zake sio hizi zangu, kwa hiyo usijitibu kwa kusoma makala ya mpiga picha, nenda kaangaliwe.

Matibabu ya yangu hayana maajabu. Unapumzisha mkono, unavaa kile kifaa kigumu cha kushikilia gumba na kifundo, dawa za kupunguza uvimbe, ikigoma kuna sindano ya steroidi na ikigoma zaidi kuna upasuaji mdogo wa kuipanua ile njia. Kazi iko kwenye kupumzisha, mana unaambiwa usishike kitu kizito kwa mkono wa kulia wakati karibu kamera zote duniani zimetengenezwa zishikwe kwa mkono wa kulia na kitufe cha shata, cha kupigia picha, kiko huko huko kulia. Watu wa mkono wa kushoto walishalalamika miaka na miaka, hakuna aliyewasikiliza.

Haya, twende kwenye hesabu, hapa ndo penye utamu. Chukua Canon EOS 5D Mark IV, kamera ya kazi ambayo wengi tunaijua, ikiwa na betri na kadi ni gramu 890. Weka lenzi ya zumu ya 24-70 f/2.8 toleo la pili, gramu 805 (24-70 ni milimita, namba ikikua ndo inavuta mbali, na f ni tundu, namba ikiwa ndogo ndo tundu kubwa). Jumla gramu 1,695. Sasa sikiliza ushauri wa marafiki, uza, hamia R5 isiyo na kioo. Bodi, yani kamera bila lenzi, ni gramu 738, unafurahi, umeshusha gramu 150 na kitu, halafu unafunga 24-70 f/2.8 ya RF, aina ya lenzi za hizo zisizo na kioo, ambayo ni gramu 900. Jumla 1,638. Yani hela yote hiyo, usumbufu wote wa kuuza na kununua, umepunguza gramu 57! Mkono wako hautajua kama kuna kitu kimebadilika. Najua mtaniambia hiyo lenzi mpya ina kitulizi cha mtikisiko na ile ya zamani haina, sawa, nakubali, ni lenzi bora, ila hatuongelei ubora wa lenzi hapa, tunaongelea kano mbili zilizovimba.

Kwa haki lazima niseme kwenye zile ndefu kuna nafuu ya kweli, 70-200 f/2.8 ya EF, yani ya kamera za kioo, toleo la tatu ni gramu 1,480 na ya RF ni 1,070, tena ni fupi sana ikiwa haijavutwa. Gramu 400 si haba. Ila bado unashika kilo na ushee mbele ya kiganja kabla hujahesabu kamera.

Na hiyo "mbele ya kiganja" ndo jambo ambalo karatasi ya uzito haikwambii. Uzito ukiwa karibu na kiganja mkono unaubeba vizuri tu, ukisogea mbele unakuwa unavuta kifundo kuelekea chini muda wote, kama kushika ndoo kwa fimbo badala ya kuishika kwa mkono wake. Ndo mana mtu anaweza kubeba bodi nzito yenye lenzi fupi siku nzima asiseme kitu, halafu lenzi ndefu nyepesi ya plastiki ikamuumiza. Mkono wa kushoto unatakiwa uwe chini ya lenzi, kiganja kimetazama juu, viwiko vimebana mbavuni, hapo wa kulia unabaki na kazi ya kubonyeza tu. Wengi tunajua hilo na tunalifanya wakati wa kupiga. Mi naona mkono unaharibika zaidi pale usipopiga, unatembea huku kamera inaning'inia mkono wa kulia, vidole vimeikamata, lenzi imeangalia chini, unasubiri kitu kitokee. Ule muda wa kusubiri ni mrefu kuliko muda wa kupiga mara nyingi sana. Mkanda wa kupitisha begani ulinisaidia kuliko kifaa chochote nilichonunua, na ni kitu ambacho nilikuwa nakicheka kwa watu wengine.

Basi kama lenzi ndo adui, kinachofanya lenzi iwe kubwa ni nini? Vitu viwili. Sensa kubwa inataka lenzi irushe picha pana nyuma yake, na tundu kubwa kama f/2.8 au f/1.4 linataka vioo vipana mbele. Sensa ya fulu fremu, ile kubwa iliyomo kwenye 5D na R5, ni milimita 36 kwa 24. Sensa ya Micro Four Thirds, ule mfumo walioutangaza Olympus na Panasonic mwaka 2008, ni 17.3 kwa 13, yani eneo lake ni kama robo tu. Ndo nilikohamia. Kamera yangu ya sasa, OM-5, ikiwa na betri na kadi ni gramu 414, na 12-40 f/2.8 ambayo inaona kama 24-80 ya fulu fremu ni gramu 382. Jumla 796, chini ya nusu ya kile nilichokuwa nabeba. Halafu sikia hii, lenzi yangu ndefu, 40-150 f/4 inayofika kama 300, nayo ni gramu 382 vile vile. Ukibadilisha lenzi mkono hausikii tofauti ya uzito, kitu ambacho kwenye mfumo wa zamani hakipo kabisa, ukitoka 24-70 ukaweka 70-200 ni kama umeshushiwa adhabu.

Kuna watakaosema mbona hukwenda Fujifilm, sensa ya katikati, si kubwa si ndogo. Niliifikiria sana. Lenzi zao ndogo za f/2 ni raha tupu, ile ya 35 ni gramu 170 na ya 50 ni gramu 200, kama unapiga kwa lenzi zisizo za zumu hapo ndo kwako wala usisite. Mi natumia zumu, na 50-140 f/2.8 yao ni gramu 995. Nimekimbia kilo narudi kwenye kilo? Hapana.

Nilichopoteza sasa, mana sitaki nionekane nauza kamera. Ule ukungu mzuri wa nyuma ya mtu umepungua, hilo halina ubishi. f/2.8 kwenye sensa hii inakupa mwanga ule ule wa f/2.8, kasi ya shata na ISO, yani wepesi wa kamera kupokea mwanga, hazibadiliki, ila kina cha picha, yani eneo linaloonekana kali, kinakuwa kama f/5.6 ya fulu fremu. Ukitaka mandharinyuma iyeyuke inabidi umsogeze mtu mbali na ukuta, uende karibu, utumie lenzi ndefu, yani ufanye kazi ambayo zamani tundu lilikuwa linakufanyia. Chenga, zile punje punje za picha za gizani, nazo zinakuja mapema, kama stopu mbili hivi (yani mwanga mara nne) kabla ya fulu fremu, ukumbini taa zikizimwa unaziona. Programu za kusafisha chenga siku hizi ni nzuri kiasi cha kushangaza, Lightroom, programu ya kuhariri picha, iliongeza ya kwake ya akili bandia mwaka 2023, ila inachukua muda na kompyuta yangu inapiga kelele kama inataka kuruka. Betri nayo, kipimo rasmi cha OM-5 ni picha 310 hivi kwa chaji moja wakati 5D Mark IV ilikuwa 900. Nabeba betri za akiba mfukoni, hazina uzito wa kuongelea.

Kuna kitu kimoja hakuna aliyenionya na nakisema kwa herufi kubwa moyoni: kamera ndogo mno nayo inaumiza. Bodi ikiwa bapa haina pa kushika, unaanza kuibana kwa ncha za vidole na gumba ndo linafanya kazi yote, na gumba ndo hilo hilo linaloumwa! Wiki za mwanzo nilihisi maumivu yanarudi nikaanza kulaani kila kitu, kumbe dawa ilikuwa kufunga mshikio wa ziada wa mbele ili vidole vitatu vipate pa kukaa na kiganja kifunguke. Umeongeza gramu kadhaa na mkono umepata nafuu. Kwa hiyo wale wanaochagua kamera kwa kupanga orodha ya uzito kutoka ndogo kwenda kubwa halafu wananunua ya kwanza, mnajitafutia mengine. Ishike, na uishike ikiwa na lenzi utakayoitumia kweli, sio ile fupi iliyofungwa kwa maonyesho, ikae jichoni dakika kadhaa mpaka muuzaji aanze kukuangalia vibaya.

Alafu kuna hili la heshima. Tuache unafiki, sehemu kubwa ya ubishi kuhusu fulu fremu haihusu picha, inahusu kuonekana. Mteja akiona kamera kubwa nyeusi yenye lenzi nyeupe anajua mtaalamu amefika, akiona kakamera kadogo anauliza kama utakuja na vifaa vingine. Nimeulizwa. Nikamwambia hivi ndo vifaa, akanyamaza, picha zikatoka akalipa. Wapiga picha ndo wabaya zaidi kuliko wateja, bana, mtu anakukagua kamera kwanza ndo akusalimie. Ila hao wote hakuna hata mmoja atakayekuvalia kile kifaa cha mkono, wala kukufungulia mlango kwa ufunguo wako.

Kama kazi yako haikuruhusu kuacha fulu fremu, usikate tamaa, njia ipo, ila ni kupitia lenzi tena. Sony A7C ni gramu 509 ikiwa na betri na kadi, ukiifunga 40 f/2.5 ya gramu 173 jumla yake ni 682, ambayo ni nyepesi kuliko OM-5 yangu na zumu yake! Sensa kubwa kabisa, na tundu ambalo sio la kujivunia mbele za watu lakini linatosha kwa kazi nyingi. Unachokiacha ni zumu ya f/2.8, unatembea kwa miguu badala ya kuzungusha lenzi. Miguu yako ikiwa mizima na mkono ndo mbovu, hayo ni mabadilishano mazuri tu, mi mwenyewe ningeichukua hiyo kama nisingekuwa napiga michezo ambako huwezi kuingia uwanjani kumfuata mchezaji.

Ile 24-70 ya zamani bado sijaiuza. Inakaa kwenye stendi ya miguu mitatu, huko ikae na uzito wake inavyotaka.