Pilau Iliyofiwa

Mara ya kwanza kumpikia wifi yangu pilau isiyo na nyama nilifanya wanavyofanya wengi: nilipika pilau ileile ya siku zote, nyama nikaiacha kwenye friji. Wifi ni Msabato, ameacha nyama miaka mingi, na ni mtu wa adabu. Alikula, akaongeza kachumbari, akaongeza tena kachumbari, akasema, "Asante wifi, chakula kizuri." Mama mkwe ndiye hakujisumbua na adabu. Aliinua kijiko, akakitazama, akauliza, "Mwanangu, hii pilau imefiwa?"

Tulicheka, lakini swali lilinikaa. Pilau ilikuwa imefiwa kweli. Rangi yake majivu, harufu imebaki jikoni, na katikati nilikuwa nimetupia vile vitu vitatu ambavyo wapishi wetu wote, wa hotelini na wa harusini, wamekubaliana kwamba ndivyo chakula cha mtu asiyekula nyama: karoti za kukatwa vipande vya mraba, pilipili hoho na njegere. Hata leo nikifunua sahani nikavikuta vitatu hivyo vimekaa pamoja, najua mpishi hakunifikiria hata dakika moja.

Tangu siku ile nimepika wali na tambi za watu wa mataifa bila nyama mara nyingi, na nimeharibu vingi. Nilichoambulia ni kwamba nyama kwenye sufuria ni mfanyakazi mwenye kazi nne kwa mshahara mmoja. Inaleta mafuta. Inaleta supu. Inaleta ule utamu wa ndani unaokufanya urudishe kijiko. Tena inaleta kitu cha kutafuna. Ukiitoa bila kutafuta wa kuzishika hizo kazi, umefunga ofisi. Na karoti, Mungu aibariki, haijawahi kushika hata moja.

Tuanze na pilau kwa sababu ndiyo tunayoijua. Harufu ya iliki, karafuu, mdalasini na bizari nyembamba hukaa kwenye mafuta, haipendi maji. Nyama yenye mafuta ikichemka inayaachia mafuta hayo, viungo vinapata mahali pa kujishika. Ukitoa nyama, viungo vilevile kwa kipimo kilekile vinanukia hadi kwa jirani halafu mdomoni huvisikii. Kwa hiyo siku hizi kilo moja ya mchele naitilia mafuta karibu mara mbili ya zamani, na vitunguu sita vikubwa. Sita, ndiyo. Navikaanga kwa moto wa wastani mpaka vifike kahawia iliyokolea, pale ambapo ukigeuka kujibu simu vinaungua na kuwa vichungu. Rangi ya pilau iko hapo, haiko kwenye pakiti. Viazi navikaanga pembeni mpaka vishike ganda la dhahabu kabla havijaingia kwenye wali, na dengu nazichemsha nusu nikiwa bado na wasiwasi nazo. (Nasema dengu za Tanzania, zile kubwa za njano iliyopauka. Ndugu wa Kenya wakisikia dengu wanawaza ndengu, ambazo huku sisi tunaziita choroko, na hilo nalo limewahi kuniletea pilau ya ajabu.)

Supu ndiyo iliyonisumbua muda mrefu, mpaka nilipoutazama upya uyoga mkavu. Si ule mbichi wa supamaketi, huo una matumizi yake, bali ule wa mapori ya miombo unaokaushwa na kuuzwa kule Tabora. Nauloweka kwenye maji ya moto nusu saa, nayachuja maji kwa kitambaa maana mchanga haukosekani, na maji hayo meusi ndiyo yanayoivisha mchele. Mwaka 1908 mkemia wa Tokyo, Kikunae Ikeda, alichunguza supu ya mwani uitwao kombu akagundua kwamba ule utamu wake, usio wa sukari wala wa chumvi, unatokana na kemikali iitwayo glutameti. Ladha hiyo akaiita umami, na mwaka uliofuata bidhaa yake ikaanza kuuzwa kwa jina la Ajinomoto. Karibu nusu karne baadaye Mjapani mwingine, Akira Kuninaka, akaonyesha kwamba guanilati, kemikali nyingine iliyojaa kwenye uyoga wa shiitake uliokaushwa, ikikutana na glutameti ladha hupanda kupita ile ya kila kimoja peke yake. Uyoga wetu si shiitake, lakini ulimi wangu unaniambia ni ukoo mmoja. Nyanya na sosi ya soya zina glutameti zake. Ukivikutanisha na maji ya uyoga, supu inasimama.

Hao Wajapani hawakusubiri maabara, lakini. Kwenye mahekalu ya Kibudha, ambako watawa hawali nyama wala samaki, supu ya kombu na uyoga mkavu imepikwa karne nyingi. Hapa ndipo ninapokosana na wanaosema chakula kisicho na nyama ni mtindo wa vijana wa mtandaoni. Kabla ya kubuni chako, nenda kwa watu ambao dini imewanyima nyama kwa miaka mia kadhaa uone wao wamefanyaje. Wana majibu yaliyopikwa na kurudiwa mpaka yakaiva.

Tukiwa hukohuko Japani, tuseme juu ya ramen, tambi zao za kwenye supu. Ile ya tonkotsu, ya mifupa ya nguruwe iliyochemshwa saa nyingi mpaka maji yakawa meupe kama maziwa, iacheni. Nimejaribu mara tatu, na mara zote tatu nimepata uji. Kuna vyakula ambavyo nyama ndiyo chakula chenyewe, na kuvilazimisha ni kujidanganya. Lakini ile jamaa yake yenye ufuta, tantanmen, inakubali vizuri. Uzito ambao supu ya mifupa huupata kwenye utelezi wa mifupa, hapa unaupata kwenye ufuta uliokaangwa na kusagwa mpaka ukatoa mafuta, pamoja na maziwa ya soya yasiyo na sukari. Soma pakiti, maana nimewahi kupika ramen yenye ladha ya vanila. Ufuta tunao, Lindi yote inanuka ufuta wakati wa mavuno. Mwani tunao pia, ila ule wa Paje na Jambiani si kombu. Ni wa aina nyingine, sifa yake kubwa ni kugandisha, hautakupa supu.

Kuhusu tambi zake nilijua jambo lililonifurahisha kupita yote. Unjano wa tambi za ramen, ule mvutano wake unapoziuma, hautoki kwenye mayai. Unga hukandwa kwa maji yaitwayo kansui, yenye kaboneti ya sodiamu na potasiamu. Mtu yeyote aliyelelewa na bibi anajua hayo ni nini: ni magadi! Yaleyale ya kulainishia maharage na kuvutisha mlenda, ndugu wa yale yanayovunwa Ziwa Magadi kule Kenya. Chukua spageti nyembamba kabisa, tia nusu kijiko cha chai cha magadi ya kupikia kwenye lita mbili za maji yanayochemka, pika, suuza. Zinageuka njano machoni pako. Wifi hakuamini ni spageti ya dukani kwa Mangi.

Pad thai, tambi za mchele za kukaangwa za Thailand, ina kesi nyingine. Watu huiogopa kwa sababu ni "ya asili", wakadhani kuitoa uduvi mkavu na sosi ya samaki ni kuvunja mila. Mila hiyo ina umri wa bibi yangu. Ilisambazwa na serikali ya Plaek Phibunsongkhram, waziri mkuu wa Thailand, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, kama sehemu ya kampeni ya kujenga utaifa. Chakula kilichopigiwa debe na serikali kinaweza kuvumilia mpishi mmoja wa Tanga. Tena Wathai wenyewe wana chakula kiitwacho jay, kisicho na nyama, samaki, mayai wala hata vitunguu saumu, na kila mwaka kwa siku tisa za sikukuu yake utaona bendera za njano zenye maandishi mekundu kwenye vibanda vya Phuket na Bangkok.

Kwetu vitu vyake vimejaa. Ukwaju upo, karanga zipo, sukari guru ipo. Yale machipukizi meupe wanayouza kwa bei ya dhahabu ni choroko tu: loweka usiku kucha, mwaga maji, funika kwa kitambaa chenye unyevu, suuza asubuhi na jioni, siku ya tatu au ya nne unavuna. Tambi za mchele loweka kwenye maji ya kawaida mpaka zilegee, usizichemshe, la sivyo zitakuwa ugali. Sosi ya samaki nimeibadilisha kwa sosi ya soya, chumvi na kijiko kimoja cha maji ya uyoga yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito. Kisha moto mkali, na usipike sahani zaidi ya mbili kwa mpigo. Kwa hili jiko la mkaa linaishinda gesi yangu. Kiporo chake hakina maana, usihangaike.

Sasa Valencia, mji wa Hispania wenye wali uitwao paella. Wenyewe ni wakali. Mwaka 2016 Jamie Oliver, mpishi wa Kiingereza, alitia soseji ya chorizo kwenye paella yake na Wahispania wakamshukia mtandaoni kama amekanyaga kaburi. Paella yao ya asili ni ya mashambani kuzunguka ziwa la Albufera: kuku, sungura, pengine konokono, maharage mabichi ya kijani na yale meupe mapana, nyanya, zafarani. Tazameni vizuri orodha hiyo. Nusu yake tayari ni mboga. Ukiondoa kuku na sungura unabaki na maharage ya aina mbili ambayo hayakuwekwa kwa kumhurumia mtu, na nyanya ambazo lazima uzikaange kwenye mafuta ya zeituni mpaka zimekauka na kuwa nyekundu ya matofali. Mimi naongeza bilinganya iliyokaangwa kwanza, kwa ajili ya kutafuna.

Kinachoibeba paella si nyama hata kidogo. Ni wali uliotandazwa mwembamba kwenye karai pana, usiokorogwa, na mwishoni unaongezewa moto dakika mbili hivi mpaka chini kushike. Wao wanaita socarrat. Wairani wana wao, tahdig. Sisi tunasema ukoko, na katika nyumba niliyokulia ugomvi wa ukoko ulikuwa mkubwa kuliko ugomvi wa finyango. Mchele uwe mfupi, wa kunywa supu nyingi bila kupasuka. Wa Kyela usiuguse kwa hili. Naupenda kuliko michele yote, lakini harufu yake itagombana na zafarani na wote wawili watapoteza.

Risoto, wali wa Kiitaliano, nitaipita haraka, ila onyo moja. Jibini ya Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka kwenye tumbo la ndama, na risoto ya Milano ya jadi ina uboho wa ng'ombe. Kwa asiyekula nyama kwa sababu ya imani, hilo si jambo dogo. Na kidonge cha ladha ya kuku je? "Nimetia kimoja tu" si jibu. Nimeshuhudia mtu akila kwa raha, kisha mwenyeji akitaja kidonge, na kijiko kikawekwa chini polepole.

Vile vyakula ambavyo havikuwahi kuwa na nyama navipenda zaidi, maana havina cha kuombolezwa. Koshari ya Misri ni wali, makaroni, adesi na dengu kwenye sahani moja, juu nyanya kali, siki yenye vitunguu saumu, na kilima cha vitunguu vya kukaangwa vikavu. Wakopti, Wakristo wa Misri, ambao kwa mwaka hufunga nyama siku zaidi ya 200, wanaujua utamu wake. Hapa nyumbani, Wagujarati wa mitaa ya Kisutu, Dar es Salaam, wamekuwa wakipika khichdi ya mchele na choroko vizazi na vizazi, na sisi tunapita nje tukitafuta mishikaki. Kwao nimejifunza mvuje. Ndiyo, mvuje ule ambao pwani tunaujua kwa kukinga watoto wachanga. Wajaini, watu wa dini moja ya India wasiotumia vitunguu, hutia chembe ndogo kama punje ya mchele kwenye mafuta ya moto, na ule uvundo unageuka kuwa harufu ya vitunguu saumu na mchuzi uliochemka muda mrefu. Natia kwenye pilau siku hizi. Hakuna aliyewahi kuutambua.

Nyama ya soya, ile mikavu ya kwenye pakiti, sina ugomvi nayo kama utaichemsha kwenye maji yenye chumvi na tangawizi, uikamue kama unafua, kisha uikaange. Ugomvi wangu ni pale inapoletwa mezani ikisema ni nyama. Mlaji anaanza kulinganisha, na kwenye kulinganisha lazima ishindwe. Iite soya, itakaa kwa amani.

Wifi alikuja tena Jumapili iliyopita. Nilipika pilau: vitunguu sita, maji ya uyoga, mvuje, viazi, dengu, na chini nikaacha ukoko ushike. Alikula kimya, kachumbari ikabaki. Mama mkwe alimaliza sahani, akaomba nyingine, akakwangua ukoko kwa kijiko cha chuma mpaka sufuria ikalia, halafu akaniuliza nyama iko wapi. Nikamletea ya jana kwenye kibakuli.