Meli Ikifunga Gati Kilindini, Mji Unapata Nini?

Kila msimu wa kaskazi meli za watalii huanza kuonekana Kilindini, bandari ya Mombasa, na kila moja ikifunga gati habari huwa ile ile: ngoma, maafisa kwenye zulia, na idadi ya abiria ikitajwa kwa fahari. Idadi hiyo ndiyo inayonitia shaka. Inahesabu walioshuka melini, haisemi walikanyaga wapi.

Wapo wasiouona mji kabisa. Alfajiri wanapakiwa kwenye magari ya safari, wanapitishwa Changamwe na Mariakani mpaka lango la Bachuma, wakaone tembo wekundu wa Tsavo Mashariki, kisha warudishwe jioni wamejaa vumbi. Siwalaumu, maana aliyevuka bahari kuja Afrika ana haki ya kutaka tembo. Ninaowazungumzia ni wale waliochagua ziara ya mji.

Ratiba yao haina siri. Picha kwenye Pembe za Moi Avenue, sanamu za pembe za ndovu zilizosimamishwa mwaka 1952. Karakana ya wachongaji wa Kikamba. Viungo vya soko la Marikiti. Halafu Ngomeni, yaani Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa 1593, ikatekwa na Waomani 1698, ikawa jela ya Waingereza, na tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Simama nje ya lango lake saa nne asubuhi siku ya meli utaona mambo yanavyokwenda: basi limepaki, abiria wana stika ya namba kifuani, mwelekezi ameinua kibao chenye namba hiyo hiyo, na muuza madafu amekwisha kata la kwanza kabla mtu hajauliza bei. Wawili watatu wanasogea. Kibao kinapungwa, wanarudi kwenye foleni. Dafu linabaki mkononi mwa muuzaji.

Wanaozitetea ziara hizi wana hoja, tena nzito. Meli moja huwapa kazi madereva, waelekezi wenye leseni, wachongaji na walinzi wa makumbusho kwa siku ambayo pengine wangekaa bure. Kampuni ya utalii ya hapa ndiyo inayobeba mzigo wa magari, mafuta na bima. Abiria naye ana sababu ya kununua ziara hiyo melini hata kama bei imepanda: basi la ziara ya meli likikwama kwenye msongamano wa Changamwe, kwa kawaida meli hulisubiri. Aliyetoka kivyake akichelewa, ataiona meli kwa mgongo. Mzee wa miaka sabini, dawa zake ziko kabatini melini, hawezi kubahatisha.

Lakini tazama pesa inavyopita. Ziara inauzwa melini, na kampuni ya meli inakata chake kwanza. Kinachobaki ndicho cha kampuni ya hapa, halafu gari na dereva. Kwenye maduka ya vinyago, kamisheni ya aliyeleta wageni imekwisha kuingizwa ndani ya bei. Chakula cha mchana kimelipiwa kwenye nauli, kwa hiyo saa sita unusu watu wanarudi melini kula. Mama wa viazi karai hayumo kwenye hesabu hii hata kidogo.

Kwa maoni yangu, ulafi wa mtu fulani si mzizi wa jambo hili. Mzizi ni jiografia na saa. Kilindini iko magharibi mwa kisiwa, Mji wa Kale uko mashariki, na katikati pana kilomita kadhaa za jua na malori. Gari lisilo na kibali haliingii bandarini. Mwenye basi ndiye mwenye mgeni. Unguja mambo ni tofauti: abiria anashukia Malindi, bandari ya Unguja mjini, na kwa miguu yake, dakika chache tu, yuko sokoni Darajani au kwenye bustani ya Forodhani. Ni kweli atakumbana na papasi, yaani madalali wa mitaani, wanaomng'ang'ania mpaka achoke, na hilo nalo lina gharama yake kwa sifa ya mji. Ila shilingi yake inaangukia mikono mingi.

Saa ndizo mbaya zaidi. Mji wa Kale mchana ni milango iliyofungwa na paka kivulini, na Ijumaa adhuhuri hata maduka hufungwa. Uhai wake ni baada ya alasiri: mishkaki inaanza kunuka, barazani watu wamekaa, muuza kahawa anagonganisha vikombe. Meli nyingi wakati huo zinajiandaa kung'oa nanga.

Wenyeji nao wana lao. Si kila mtu Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale, anafurahia kundi la watu arobaini kuziba njia na kuwapiga picha wanawake wenye buibui bila hata salamu. Huko Venice, serikali ya Italia ilifikia kuzuia meli kubwa kupita katikati ya mji mwaka 2021. Sisi hatujafika huko, na anayesema tumefika anakuza mambo. Lakini kundi moja tu linatosha kuudhi kichochoro cha hatua tatu.

Kama ningeulizwa, ningeacha kuomba meli nyingi zaidi, ningeomba meli zilale. Meli inayokaa usiku mmoja humpa abiria wa Tsavo nafasi ya jioni mjini, na huyu wa mji chakula nje ya meli. Ya pili ni basi la kawaida la kwenda na kurudi, kutoka gatini hadi Treasury Square, karibu na Ngomeni, kila nusu saa, kwa nauli inayojulikana. Kampuni za ziara zitalipinga, na swali lao ni halali: akichelewa mtu, lawama ni ya nani? Basi la mwisho liondoke mjini muda wa saa mbili kabla ya meli kung'oa nanga, tena liandikwe hivyo kwenye tiketi. Atakayetaka mwelekezi na kiyoyozi bado atanunua ziara melini. Atakayetaka dafu atapata nafasi ya kulimaliza.