Mafuta Yaliyokaangia Kwenye Tangi la Dizeli: Chujio Linafanya Nusu Tu ya Kazi

Mtu akishasikia kwamba injini ya dizeli inaweza kutembea kwa mafuta ya kula yaliyokwisha kukaangia, swali lake la kwanza huwa moja: nayachujaje? Mijadala mingi huanzia hapo, na kwa bahati mbaya mingi huishia hapo hapo. Wanaounga mkono huonyesha chupa ya mafuta yaliyotakata, mwanga unapenya hadi upande wa pili. Wanaopinga huonyesha nozeli, yaani kipua kinachonyunyiza mafuta ndani ya injini, iliyofunikwa na masizi magumu. Kila upande umeshika ushahidi wa kweli. Kwa maoni yangu chujio, ambalo ndilo linalozungumzwa kuliko kitu kingine, lina uzito mdogo katika uamuzi huu. Uzito uko kwenye yale ambayo hakuna chujio linaloweza kuyaondoa, na kwenye injini itakayonyweshwa mafuta hayo.

Tuwape kwanza haki yao wanaounga mkono, maana wanayo. Wazo hili lina umri unaokaribia wa injini yenyewe. Kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1900, kampuni ya Otto iliwasha injini ndogo ya dizeli kwa mafuta ya karanga, na Rudolf Diesel, mvumbuzi wa injini hiyo, alisimulia baadaye kwamba ilizunguka vizuri kiasi kwamba ni watu wachache tu waliogundua. Mwaka 1912 alisema mafuta ya mimea, ambayo wakati huo hayakuonekana kuwa na maana yoyote katika injini, yangeweza siku moja kuwa na umuhimu sawa na yale yachimbwayo ardhini. Hesabu ya nishati nayo haiwaangushi: lita ya mafuta ya mimea inapungukiwa na lita ya dizeli kwa asilimia chache tu. Hayana salfa ya kusemea. Na hayashiki moto ovyo. Mvuke wa dizeli unaweza kuwaka mafuta yakifika takriban nyuzi 55 za Selsiasi, ilhali ya mimea mpaka yapite nyuzi 200. Dumu lililojaa mafuta haya stoo linatisha kidogo kuliko dumu la dizeli.

Hoja ya taka nayo si ya kupuuzwa. Mafuta yanayomwagwa kwenye sinki hayapotei, huganda ndani ya mabomba. Mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel mjini London, mafundi walikuta bonge la mafuta na vitambaa vya kujipangusia lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130 hivi, limeziba mtaro wa majitaka. Anayeyakusanya mafuta ya aina hiyo na kuyapa kazi nyingine anafanya jambo la maana, hata kabla hatujazungumzia gari.

Na kuchuja kwenyewe hakuna siri. Msaidizi mkubwa ni muda. Mafuta yanaachwa yatulie ndani ya pipa mahali penye joto, wiki moja au zaidi, bila kuguswa. Ukiangalia pipa la plastiki linalopitisha mwanga utaona yamejipanga yenyewe: juu mafuta safi ya rangi ya kahawia, katikati tabaka lenye ukungu, chini kabisa uji mzito wa unga ulioungua, maji ya chumvi na mafuta yaliyoganda meupe. Mwenye akili huchota ya juu tu, na bomba lake la kutolea haligusi sakafu ya pipa. Kisha huyapasha moto kidogo ili yawe mepesi, na kuyapitisha kwenye mifuko ya kuchujia, kuanzia yenye matundu makubwa hadi ile ya mikroni 5, hatimaye mikroni 1. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi, kwa hiyo tunazungumzia uchafu ambao jicho haliuoni. Anayeruka hatua ya kutuliza na kukimbilia mfuko hupata mfuko ulioziba baada ya lita chache.

Mpaka hapo sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu unaanza pale mafuta yaliyochujwa yanapoitwa dizeli.

Chukua maji. Yaliyo huru huzama chini ya pipa, lakini mengine huwa yameyeyuka ndani ya mafuta na hupita kwenye mfuko wa mikroni 1 kana kwamba haupo. Kipimo chake ni rahisi na kila anayefanya kazi hii angepaswa kukizoea: pasha kikaango kikavu mpaka kipite kiwango cha maji kuchemka, kisha dondoshea mafuta kidogo. Yakitandaa kimya, ni makavu. Yakitoa vipovu vidogo vidogo na mlio wa kuchachatika, yana maji, hata kama kwenye chupa yalionekana safi kabisa. Kiwango cha Ujerumani cha DIN 51605, kilichowekwa kwa ajili ya mafuta ya mbegu za rapa, mmea unaolimwa kwa ajili ya mafuta, yanayotumika kama nishati ya injini, hakiruhusu maji yafike hata gramu moja katika kilo. Pampu ya dizeli imetengenezwa kwa vyuma vilivyosuguliwa hadi kukaribiana kuliko unene wa unywele, na kutu kidogo tu inatosha kuiua.

Halafu kuna tindikali. Kila mara mafuta yanapokaangia chakula chenye unyevu, joto na maji huyavunja na kuachia asidi za mafuta. Hizo hazichujiki kwa kitambaa. Huanza kula shaba, na baadhi ya mipira ya mabomba hulainika na kuvuja. Mafuta yaliyotumika siku nyingi huwa pia yameanza kuungana yenyewe kwa yenyewe na kuwa mazito, na chujio haliwezi kurudisha nyuma badiliko hilo.

Unene ndio kiini cha mambo yote. Kwenye joto la nyuzi 40, mafuta ya mimea yana mnato unaozidi wa dizeli kama mara 10. Nozeli ya dizeli kazi yake ni kupasua mafuta yawe ukungu mwembamba kabisa, ukungu unaowaka wote kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ukiipa mafuta mazito hutoa matone makubwa na wakati mwingine mchirizi. Tone kubwa haliwaki likaisha. Sehemu yake hugeuka kuwa masizi magumu kwenye ncha ya nozeli, nyingine hunata kwenye mifereji ya ringi za pistoni, na nyingine huteleza kwenye ukuta wa silinda mpaka kwenye oili ya injini. Huko kwenye oili ndiko kuna hatari ambayo wengi hawaijui. Dizeli ikiingia kwenye oili huipunguza uzito, na sehemu yake huondoka kama mvuke injini ikipata moto. Mafuta ya mimea hayaondoki. Yanabaki, yanakutana na joto na hewa, yanashikana, na oili inaweza kugeuka kuwa kitu kama ujiuji kisichopita kwenye njia zake nyembamba. Injini inayokosa oili haimpi dereva nafasi ya pili.

Hapa ndipo ninapoona pande zote mbili zinapishana bila kusikilizana. Anayesema "natumia, na gari linatembea vizuri" hasemi uongo. Gari linaweza kuwaka siku ya kwanza, likaenda na kurudi, na likaendelea hivyo kwa miezi. Madhara niliyoyataja hujijenga taratibu, na hakuna hata moja linaloonekana ukiwa kwenye usukani. Kwa hiyo ushuhuda wa muda mfupi, hata uwe wa mtu mwaminifu namna gani, haujibu swali. Kwa upande mwingine, anayeonyesha injini iliyokufa mara nyingi hasemi kama mafuta yalipashwa joto, kama yalikuwa na maji, au kama injini ilikuwa ya aina inayofaa.

Majaribio yaliyosimamiwa vizuri yapo. Kati ya 2001 na 2005 Ujerumani iliendesha mradi wa matrekta zaidi ya 100 yaliyobadilishwa ili yatumie mafuta ya rapa. Matokeo yalichanganyika: mengi yalifanya kazi bila hitilafu kubwa, mengine yakapata uharibifu mzito wa pampu, nozeli na injini, na tofauti ilitokana kwa sehemu kubwa na aina ya injini, ubora wa mabadiliko yaliyofanywa na ubora wa mafuta. Ikumbukwe kwamba hayo yalikuwa mafuta mapya, yasiyowahi kuona kikaango, na matrekta yalikuwa chini ya macho ya wataalamu. Anayefanya nyumbani anaanza na mafuta mabaya zaidi na bila maabara.

Injini basi. Injini kuukuu zenye chumba kidogo cha kuanzia moto juu ya silinda, na pampu ya mstari (yenye pistoni ndogo zilizopangwa safu, moja kwa kila silinda) inayolainishwa kwa oili ya injini, huvumilia mengi. OM617 ya Mercedes-Benz, ile ya silinda tano ya miaka ya 1970 na 1980, ilijipatia sifa kwa sababu hiyo. Pampu za kuzunguka, ambazo hugawia silinda zote kwa kichwa kimoja kinachozunguka, zina mashaka zaidi, maana nyingi hulainishwa na mafuta yenyewe yanayopita ndani yake, na mafuta baridi mazito huilemea shafti mpaka ivunjike. Injini za kisasa zenye reli ya pamoja, yaani bomba moja la shinikizo kubwa linalolisha nozeli zote, ni habari nyingine kabisa. Shinikizo lake linaweza kufika mara 2,000 ya shinikizo la hewa ya kawaida, na matundu ya nozeli yana upana unaokaribia sehemu moja ya kumi ya milimita. Zenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi mara nyingi hunyunyiza mafuta ya ziada kwa kuchelewa ili kichujio kijichome, na mafuta hayo ya ziada, yakiwa ya mimea, huishia kwenye oili. Kwa injini ya namna hiyo jibu langu ni hapana, hata mafuta yakichujwa mara kumi.

Kwa ile ya zamani, njia inayoheshimika ni ya matangi mawili. Injini inawashwa kwa dizeli. Maji ya radieta yakishapata moto hupita kwenye koili na kuyapasha mafuta ya mimea hadi nyuzi 70 au 80, ndipo dereva anabadilisha tangi, na kabla ya kuzima anarudi kwenye dizeli ili kuosha pampu na nozeli. Joto hilo hupunguza mnato sana ingawa haliufikishi ule wa dizeli. Mwenye safari fupi fupi hana faida yoyote hapa, maana injini haijapata moto sawasawa naye keshafika. Wako wanaokwepa kazi hii kwa kuchanganya na mafuta ya taa au petroli. Mchanganyiko huwa mwepesi kweli, lakini asidi na maji ni yale yale, na petroli inaondoa usalama wa kutoshika moto ambao ulikuwa mojawapo ya sifa za mafuta haya.

Kuna njia nyingine, ya kuyageuza kuwa biodizeli kwa methanoli na sodiamu haidroksidi. Hiyo ndiyo inayotibu unene, na kwa injini inatoa bidhaa bora zaidi. Lakini methanoli ni sumu inayoweza kupofusha, mvuke wake huwaka kwa urahisi, na sioni nyumba yenye watoto ambako ningeishauri.

Sheria hutofautiana. Uingereza tangu 2007 haimtozi ushuru wa nishati anayetengeneza hadi lita 2,500 kwa mwaka. Nchini Marekani, Shirika la Hifadhi ya Mazingira halijasajili mafuta ghafi ya mimea kama nishati ya magari, na kubadilisha gari bila kibali chake kunaweza kuhesabiwa kama kuharibu mfumo wa kudhibiti moshi. Dhamana ya mtengenezaji nayo kwa kawaida huishia hapo.

Hoja ya mazingira imebadilika pia. Zamani mafuta haya yalikuwa taka tupu. Leo viwanda vya biodizeli vinayagombania, na Umoja wa Ulaya uliruhusu nishati itokanayo nayo ihesabiwe mara mbili katika malengo yake ya nishati jadidifu. Palipo na mkusanyaji anayeyapeleka kiwandani, mtu anayeyachuja nyumbani haokoi kitu ambacho kingepotea. Anayahamisha tu kutoka injini zilizopewa biodizeli safi kwenda injini moja iliyopewa mafuta ghafi. Pasipo na mkusanyaji, na mbadala ni mtaro, hoja inarudi kuwa na nguvu.

Kwa hiyo naunga mkono kwa masharti, na ni watu wachache watakaoyatimiza: injini ya zamani yenye pampu inayofaa, safari ndefu, matangi mawili, kipimo cha kikaango kwa kila pipa, na oili inayobadilishwa mapema, kwa nusu ya kilomita zilizopangwa na mtengenezaji. Vitambaa vilivyofuta mafuta visirundikwe pembeni, maana rundo la aina hiyo linaweza kupata joto lenyewe mpaka likawaka; vitandazwe vikauke nje au vitiwe kwenye kopo la chuma lenye maji na kifuniko. Na mara kwa mara, injini ikiwa baridi, toa kijiti cha kupimia oili, paka tone kati ya vidole viwili na uvitenganishe. Oili ikianza kunata na kuvuta nyuzi, imwage siku hiyo hiyo na urudi kwenye dizeli mpaka ujue mafuta ya mimea yanapitia wapi kuingia kwenye oili.