Kabla ya kuwakamata wazazi, tujenge mabweni

Kila Januari hapa Tanzania tunasikia amri ileile: mzazi ambaye mtoto wake hajaripoti kidato cha kwanza akamatwe. Mtendaji wa kata anapita na mgambo, watoto wanapelekwa shule. Baada ya miezi michache madawati yanaanza kubaki wazi, na kwenye takwimu za serikali sababu inaandikwa utoro. Mwaka baada ya mwaka utoro ndio unaongoza, mimba zinafuata kwa mbali. Mimi sikubali kwamba watoto wote hao wameamua tu kuwa wazembe.

Shule za kata zilijengwa kwa kasi kuanzia 2006, zikawafungulia mlango watoto ambao zamani sekondari wangeisikia kwa wenzao. Hilo nalisifu. Lakini kata ina vijiji kadhaa na shule mara nyingi iko kwenye kimoja tu. Anayetoka mbali anaamka saa kumi alfajiri, masika anasubiri maji ya korongo yapungue, anafika kipindi cha kwanza kimeisha na fimbo inamsubiri. Mchana, kama kwao hawajachangia chakula, anashinda njaa. Halafu arudi kwa miguu.

Wenye uwezo kidogo humpangia mtoto geto, yaani chumba cha kukodi, karibu na shule. Hapo ndipo roho inaponiuma. Msichana wa miaka 14 peke yake: godoro sakafuni, jiko la mkaa, unga na maharage aliyobeba Jumapili kutoka nyumbani. Unga ukiisha Alhamisi, hakuna mtu mzima wa kumuuliza amekula nini. Atakayemuuliza ni yule wa bodaboda aliyempa lifti jana.

Sheria ya Elimu iliyorekebishwa 2016 inampa kifungo cha miaka 30 anayempa mwanafunzi mimba, nami naiunga mkono, ila hukumu inakuja msichana ameshaumia. Waraka wa serikali wa Novemba 2021 unamruhusu arudi darasani akishajifungua. Ni haki yake, tena ilichelewa. Lakini njia ni ileile, na sasa ana mtoto wa kunyonyesha.

Elimu bila ada iliyoanza 2016 iliondoa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa shule za kutwa. Kodi ya geto, sare na mafuta ya taa vilibaki kwa mzazi. Na huyo mtoto aliyechoka anakaa mbele ya masomo ya Kiingereza baada ya miaka saba ya Kiswahili, huku upimaji wa kidato cha pili unamsubiri.

Kwa hiyo naomba halmashauri zianze na bweni la wasichana na jiko la shule kabla ya jengo jingine lolote. Na mtendaji anayejua nyumba ya kila mzazi wa kukamatwa, aandikishe pia mageto yote ya wanafunzi katani kwake, ajue nani analala wapi na nani anamwangalia.