Shemeji Kataka Chai ya Kiskoti

Hivi mgeni akitoka Dar akafika kwako Glasgow, ukamwekea chai ya rangi, chapati na mayai, umemkosea nini? Shemeji yangu leo asubuhi kaitazama ile sahani, kaisogeza pembeni kwa adabu zote, akasema, "Shem, chapati hata Mbagala zipo. Nataka wanachokula Waskoti." Mama Neema akaniangalia. Lile jicho mnalijua. Nikavaa koti.

Buchani foleni, nje mvua ile inayonyesha kwa ubavu. Nikachukua haggis: moyo, maini na mapafu ya kondoo, oti, vitunguu, pilipili manga. Nikachukua bekoni, yaani kitimoto aliyekwenda shule. Nikachukua soseji ya Lorne, ile ya mraba. Nani alikaa akaona soseji inahitaji kona? Halafu ile nyeusi ya damu, ambayo Mkenya yeyote ataiita mutura na mjadala utaisha. Ya Stornoway jina lake linalindwa kisheria tangu 2013. Utumbo wa damu una hati, kiwanja changu cha Chanika hakina.

Sasa kupika. Nyinyi mnaoishi huku mnajua: tangu Februari 2022 sheria ya Skotilandi inataka kila nyumba iwe na ving'ora vilivyounganishwa. Cha jikoni kinasubiri joto, cha koridoni kinanusa moshi, na kimoja kikianza vingine vinaitikia kama kwaya ya Pasaka. Bekoni haijageuzwa upande wa pili, nyumba nzima inalia. Mimi, mzee wa kanisa, niko juu ya stuli napepea taulo. Shemeji anarekodi.

Mlango ukagongwa. Bibi wa ghorofa ya juu, na kanzu yake ya kulalia.

"Unapika au unachoma jengo, mwanangu?"

Nikamkaribisha kwa heshima, maana hata ugenini mkubwa ni mkubwa. Angenisaidia kuzima kelele tu ningemshukuru. Lakini akaona sufuria ya uji wa oti. Akachukua kijiko, akaonja, akakiweka chini taratibu.

"Umeweka sukari."

Hakuuliza, alisoma shitaka. Nikajitetea kuwa kwetu uji una sukari, una maziwa, na siku ya neema una karanga. Akasema uji ni oti, maji na chumvi. Akamwaga wangu kwenye sinki, jikoni kwangu, mbele ya shemeji! Akapanda juu, akarudi na kijiti chake cha mti cha kukorogea. Tena hukorogi hivihivi: mkono wa kulia, kufuata saa, la sivyo unamwita shetani. Kimoyomoyo nikasema bibi, shetani alishafika, yule pale kakaa anasubiri haggis.

Akakoroga na kuhutubia. Kule Carrbridge, milimani, wanashindana kupika uji tangu 1994, ubingwa wa dunia, na mshindi anaondoka na Kijiti cha Dhahabu. Sisi tumekunywa uji shuleni kwa vikombe vya plastiki, hatukupewa hata cheti. Akahamia kwa Mwingereza mmoja, Samuel Johnson, aliyeandika kwenye kamusi yake kwamba oti Uingereza wanapewa farasi, Skotilandi wanakula watu. Mwaka 1755 huo! Bibi hajamsamehe, na wakati anamlaani mimi natazama mutura yangu ya Stornoway ikigeuka mkaa, maana huwezi kumkatisha mzee akiwa na fimbo mkononi.

Maharage ya kopo sitayasemea. Maharage yenye sukari, na uji wenye chumvi. Watu wa Mbeya wakisikia itavunjika ndoa ya mtu.

Chapati zao za viazi, sawa, nilizifanya mwenyewe: viazi vya kuponda, unga, siagi, ukakata robo robo ukakaanga. Hizo sina neno nazo.

Sahani ikajaa mpaka yai likakosa kiti. Shemeji akapiga picha, akatuma kwenye grupu la familia, akameza kipande cha haggis, akanyamaza. Halafu akauliza, "Zile chapati ziko wapi, shem?" Chapati zilikuwa zinamalizikia kwa bibi, na chai ya rangi, na sukari vijiko vitatu. Sukari!

Na hapo sijavaa. Sare yangu ya kazi ilikuwa imeanikwa kwenye zile fito za dari, hapohapo juu ya kikaango, maana kwenye nyumba hizi za zamani nguo utakausha wapi kingine? Nimefika kituo cha basi nanukia kitimoto, mbwa wa mtu kaninasa mguu. Mwenye mbwa ananiambia usiogope, haumi. Nani kasema naogopa kuumwa? Analamba suruali ya kazi hadharani! Na ubao wa kituoni unaandika basi linafika sasa hivi, linafika sasa hivi, halafu linafutika kwenye ubao na barabarani hakuna kilichopita. Huo ubao nao, nani anaujazaga?