Rita Colwell: mtafiti akishika ofisi, sayansi inapata au inapoteza?

Wapo wanasayansi wanaoamini kwamba mwenzao akishakalia kiti cha serikali, utafiti wake umekwisha. Wanahofia pia kwamba mwenye nadharia yake akipewa mamlaka ya kugawa fedha za umma, wachache watathubutu kumpinga. Wengine wanauliza: kama wanaojua hawaingii humo, nani ataamua? Maisha ya Rita Colwell, mwanamikrobiolojia wa Marekani, yanazipa nguvu hoja zote mbili.

Kwa miongo mingi amechunguza kimelea cha kipindupindu. Ilidhaniwa makao yake ni tumbo la binadamu tu. Yeye na wenzake walionyesha kwamba huishi majini kwa kawaida, kikijishikiza kwenye viumbe wadogo sana wa jamii ya kamba. Mazingira yakikibana, hubaki hai lakini hakioti tena kwenye sahani za maabara, ndiyo maana wengi walikitafuta wasikione. Ilimchukua miaka kuaminiwa.

Huko Matlab, Bangladesh, yeye na wenzake waliwaelekeza wanawake kukunja sari kuukuu ikawa na tabaka nne au zaidi, waifunike mdomoni mwa chombo, kisha wachote maji. Kitambaa kilichofuliwa sana hulegea nyuzi, matundu yakaziba kiasi cha kuwanasa wale viumbe pamoja na bakteria waliowabeba. Matokeo yaliyochapishwa 2003 yalionyesha kipindupindu kimepungua kwa 48%. Tazama mwaka huo. Colwell alikuwa mkurugenzi wa Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani, NSF, unaogawa fedha za umma za utafiti, naye mwanamke wa kwanza kuuongoza, tangu 1998 hadi 2004. Ofisi haikumtoa majini.

Akiwa huko, NSF ilianza kuwalipa wanafunzi wa shahada za juu waende kufundisha sayansi shuleni. Wapo waliolalamika kwamba saa za darasani zinaibwa maabara. Mimi sioni wizi wowote: walipa kodi wanaogharimia maabara ndio wazazi wa watoto wale.

Haiti ndiko hoja ya wapinzani inapouma. Kipindupindu kilizuka huko Oktoba 2010 na kuua karibu watu 10,000. Uchunguzi wa jeni ulikihusisha na Nepal, walikotoka walinda amani wa Umoja wa Mataifa waliokuwa na kambi kando ya kijito kinachoingia mto Artibonite. Mwaka 2012 Colwell na wenzake wakachapisha utafiti uliosema huenda bakteria wa mazingira ya Haiti kwenyewe nao walichangia. Takwimu zilikuwa za kweli, na kuuliza swali lile ilikuwa haki yao. Lakini familia zilikuwa zinaudai Umoja wa Mataifa fidia, na jina zito kama lake lilizidisha shaka kuhusu chanzo. Umoja wa Mataifa ulikiri kuhusika 2016 tu.

Wakati huo hakuwa NSF tena, kwa hiyo kosa si la cheo. Tatizo ni kwamba nadharia aliyoipigania maisha yake yote ilikuwa na la kupata katika jibu. Ningempa NSF tena bila kusita. Haiti ningewakabidhi watafiti ambao kazi yao haikuegemea upande wowote wa swali lile.