Mimba Ipimwe Mnadani, Si Machinjioni

Mchinjaji yeyote mzoefu hapa Tanga atakueleza kuwa kumpasua ng'ombe jike na kumkuta na ndama tumboni si jambo la kushangaza. Pengine ndama ni mdogo wa kuenea kiganjani. Pengine ameshaota manyoya na kwato, amebakiza wiki chache tu azaliwe. Anatolewa, anawekwa kando na visivyoliwa, kazi inaendelea. Mimi jambo hili linaniuma, na linaniuma zaidi kwa sababu tunamlaumu mtu asiyekuwa na la kufanya.

Lawama zote humwangukia mchinjaji na mkaguzi wa nyama. Hebu tuifuate safari ya ng'ombe mwenyewe. Anatoka Kilindi au Handeni, kwa mfugaji ambaye madume na majike yake huchungwa pamoja mwaka mzima, hakuna daftari linaloonyesha nani kapandwa lini. Mimba ya miezi miwili au mitatu haionekani kwa macho. Mara mtoto anatakiwa ada, au mgonjwa amelazwa, au kiangazi kimemaliza malisho, basi jike anaswagwa mnadani. Dalali anatazama mwili. Jike mwenye mimba amejaa, tumbo limetanuka, bei inapanda. Kibali cha kusafirisha kinaandikwa, gari linapakiwa, na usiku anashushwa zizini machinjioni. Asubuhi mkaguzi anapita kutazama kama kuna anayechechemea, anayetokwa mate au mwenye homa. Hata akilitilia shaka tumbo lile, amrudishe wapi? Pesa zimeshalipwa, mwenye ng'ombe amesharudi kwake, na mwenye bucha anasubiri nyama.

Ndiyo maana siamini kwamba katazo la machinjioni peke yake litatufikisha popote. Wapo wanaotaja Ujerumani, ambako tangu 2017 sheria inakataza kumpeleka machinjioni ng'ombe aliye katika theluthi ya mwisho ya mimba. Ni sheria nzuri, lakini mfugaji wa huko anayo tarehe ya kupandisha kwenye kumbukumbu zake. Sisi tukinakili katazo bila tarehe, tutakuwa tumenakili karatasi. Hapa kwetu tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, tuna na Sheria ya Tasnia ya Nyama ya 2006. Kinachokosekana ni mtu wa kumpima ng'ombe kabla hajauzwa.

Na kumpima si kazi ya maabara. Ng'ombe hubeba mimba kwa siku 280 hivi. Daktari wa mifugo mwenye uzoefu huingiza mkono kwa njia ya haja kubwa, akiwa na glovu ndefu, akapapasa mfuko wa uzazi, na mimba ya miezi miwili anaitambua. Anachohitaji ni kibanio imara cha kumzuia mnyama, ili asipigwe teke, na dakika chache. Mnadani ndipo pa kuyafanya haya, kwa sababu mwenye mali yupo, mnunuzi yupo, pesa bado ziko mfukoni, na halmashauri tayari inatoza ushuru. Sehemu ya ushuru huo ijenge kibanio na kumlipa mtaalamu. Jike atakayekutwa na mimba apigwe alama na auzwe kwa wanaotaka kufuga. Kibali cha kumpeleka machinjioni asipewe.

Mfugaji ndiye atakayefaidika kwanza. Jike wetu wa kienyeji hukaa mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili kati ya uzao na uzao, kwa hiyo kila ndama anayepotea tumboni ni muda mrefu wa malisho na dawa za kupe uliokwenda bure. Leo mfugaji anauza wawili analipwa mmoja. Akijua, ama atarudi naye nyumbani na kuleta maksai au jike lisiloshika mimba, ama atadai bei ya wawili. Na wanunuzi wapo. Mkoa huu unajua thamani ya mtamba, yaani jike changa ambalo halijazaa bado, mwenye mimba. Tangu mradi wa ng'ombe wa maziwa wa miaka ya 1980, uliosaidiwa na Uholanzi, familia nyingi za Tanga na Muheza ziliingia kwenye ufugaji kwa kukopa mtamba na kulipa mtamba.

Afya ya wachinjaji nayo naitaja, kwani hakuna anayewasemea. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kutupa mimba, yaani brusela, hubeba vijidudu vingi mno kwenye kondo na maji ya uzazi. Kijana anayepasua mfuko huo kwa mikono mitupu, tena mwenye kidonda kidoleni, anaweza kupata homa inayokwenda na kurudi pamoja na maumivu ya viungo, akatibiwa malaria miezi na miezi.

Najua litakuja swali la ng'ombe aliyevunjika mguu, au aliyeshindwa kuzaa na daktari hana njia nyingine. Huyo achinjwe, asiteswe, ila daktari aandike sababu.

Ndugu zangu Waislamu wa pwani, sisi tuna sababu ya ziada. Mtume (S.A.W.) alipokwenda na Abubakar na Umar kwa Answari mmoja, mwenyeji akashika kisu ili awachinjie, Mtume alimtahadharisha asichinje anayekamuliwa; na jike mwenye mimba leo ndiye wa kukamuliwa kesho. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli inayotegemewa ni kwamba mnyama mwenye mimba hatoshi kwa udhhia, yaani mnyama wa kuchinjwa Idi. Kwa hiyo kamati za misikiti zinazochangisha kwa ajili ya Idi ya kuchinja, kuanzia Ngamiani hadi Pangani, hazina haja ya kungoja halmashauri. Mkienda kununua mwaka huu, nendeni na bwana mifugo, na kila jike apimwe kabla hamjahesabu pesa.